Austin Bradford Hill, mtu aliyewahesabu wagonjwa wasiorudi

Mwaka wa 1917, kijana Mwingereza mwenye umri wa miaka 20 alirudishwa kwao kutoka vitani akiwa na kifua kikuu. Alikuwa rubani wa jeshi la majini, ametumwa upande wa visiwa vya Ugiriki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wakati ule kifua kikuu hakikuwa na dawa. Walimrudisha nyumbani wakidhani anakwenda kufa.

Hakufa. Alizikwa miaka 74 baadaye, akiwa na umri wa miaka 93. Katikati ya miaka hiyo, mtu huyo ambaye hakuwahi kusomea uganga alibadilisha namna waganga wa dunia nzima wanavyojua kama dawa inaponya au haiponyi. Jina lake ni Austin Bradford Hill. Katika kazi yake yote kuna swali moja linalorudi tena na tena, na sisi wa mashariki ya Kongo tunalijua vizuri: ukianza kufuatilia watu, kisha baadhi yao wakatoweka, utasema nini juu ya waliobaki?

Kijana wa kitandani

Hill alizaliwa London tarehe 8 Julai 1897. Baba yake, Leonard Hill, alikuwa mwanasayansi mwenye jina aliyechunguza jinsi mwili wa binadamu unavyofanya kazi. Mtoto naye alitaka kuwa mganga. Vita na ugonjwa vikaifunga njia hiyo. Alilala hospitalini kwa miezi mingi, na kwa jumla alikaa kitandani karibu miaka miwili, kisha miaka mingine ya kupata nguvu polepole nyumbani.

Mtu asiyeweza kwenda kuhudhuria masomo hospitalini hawezi kuwa mganga. Lakini anaweza kusoma vitabu. Hill alijiandikisha katika Chuo Kikuu cha London akasoma uchumi kwa njia ya posta, akapata shahada yake mwaka wa 1922. Hakuwa na mapenzi makubwa na uchumi, ila ndiyo masomo yaliyowezekana kwa mgonjwa.

Rafiki wa baba yake, Major Greenwood, alikuwa mtaalamu wa takwimu za magonjwa. Jina Major lilikuwa lake la kuzaliwa, si cheo cha jeshi. Yeye ndiye aliyemvuta kijana huyu katika kazi ya kuhesabu uzima na vifo, akamsaidia kupata fedha za uchunguzi wake wa kwanza.

Vijana walioondoka kijijini

Uchunguzi huo wa kwanza ulihusu jimbo la Essex, mashariki ya London, na ripoti yake ilitoka mwaka wa 1925. Hill alitakiwa kuangalia watu wanaohama vijijini kwenda mijini, na kama kuhama huko kunabadilisha hesabu ya vifo.

Tufikiri kidogo. Kijiji kinahesabu vifo vyake kila mwaka. Lakini vijana wenye nguvu wameondoka kutafuta kazi mjini. Wanaobaki ni wazee, watoto na wale ambao afya yao haikuwaruhusu kusafiri. Hesabu itaonyesha kwamba watu wa kijiji wanakufa sana. Je, kijiji kina ugonjwa, au kimewapoteza wazima wake? Na kule mjini, hesabu inaonekana nzuri. Je, mji una afya, au umepokea watu waliokuja tayari wakiwa na afya? Na kama mgonjwa wa mjini anarudi kufia kwao, kifo chake kinaandikwa wapi?

Hivyo, tangu mwanzo wa kazi yake, Hill alikutana na jambo ambalo wengi hawalioni: watu hawaondoki kwenye hesabu kwa bahati tu. Wanaondoka kwa sababu, na mara nyingi sababu hiyo inahusiana na kile kile unachotaka kupima.

Alikutana na jambo la namna hiyo tena kwenye viwanda vya pamba vya Lancashire, alikochunguza magonjwa ya wafanyakazi wanaovuta vumbi la pamba. Anayeumia sana kifuani anaacha kazi. Ukiingia kiwandani ukawapima wanaofanya kazi siku hiyo, utakuta wale wanaolivumilia vumbi. Walioshindwa wako nyumbani, na fishi yako haina majina yao.

Kitabu cha waganga

Hill aliingia pamoja na Greenwood katika Shule ya Usafi na Magonjwa ya Tropiki ya London. Mwaka wa 1937 gazeti la kiganga la The Lancet lilichapisha mfululizo wa makala zake za kuwafundisha waganga takwimu kwa lugha nyepesi. Mwaka huo huo makala hizo zikawa kitabu, ambacho kimechapishwa mara nyingi na kusomwa na vizazi kadhaa vya waganga.

Kimojawapo cha vitu alivyofundisha ni namna ya kuhesabu uhai wa wagonjwa baada ya matibabu. Tuseme unawafuatilia wagonjwa kwa miaka 5. Mmoja alionekana miaka 2 akiwa hai, kisha akahama bila kuacha habari. Ukimwondoa kabisa, umetupa miaka 2 ya ukweli. Ukimhesabu kuwa yuko hai hadi mwaka wa tano, umedanganya. Njia ya jedwali la uhai ni kumhesabu kwa miaka 2 aliyoonekana, halafu kumtoa tangu pale alipopotea. Lakini hata njia hiyo inadai jambo moja: waliopotea wasiwe tofauti na waliobaki. Kama waliopotea ndio waliokuwa wakizidiwa, jedwali litatoa picha nzuri kuliko hali yenyewe.

Jambo la pili lilihusu majaribio ya dawa. Chukua mfano wa kubuni. Wagonjwa 100 wanapewa dawa mpya, na 100 wengine wanapewa dawa ya zamani. Dawa mpya inatapisha, kwa hiyo wagonjwa 30 wanaiacha na hawarudi tena. Kati ya 70 waliobaki, 63 wanapona. Mtengenezaji anatangaza kwa furaha: asilimia 90 wamepona! Upande wa dawa ya zamani wote 100 wamebaki, na 75 wamepona. Asilimia 90 dhidi ya 75, dawa mpya imeshinda.

Lakini wale 30 wako wapi? Kama hakuna hata mmoja wao aliyepona, dawa mpya imeponya 63 kwa 100, na imeshindwa. Kama wote walipona huko walikokwenda, imeponya 93. Ukweli uko mahali fulani kati ya 63 na 93, na asiyewatafuta wale 30 hana ruhusa ya kutangaza ushindi. Hill anatajwa kati ya watu wa kwanza walioeleza wazi kanuni ambayo leo inafuatwa kila mahali: mgonjwa akishapangwa katika kundi, ahesabiwe katika kundi hilo hadi mwisho, hata kama ameacha dawa. Maana dawa ambayo watu hawawezi kuimeza miezi yote inayotakiwa, hiyo nayo ni habari juu ya dawa.

Dawa ya ugonjwa wake mwenyewe

Mwaka wa 1943, katika maabara ya Marekani, iligunduliwa streptomisini, dawa iliyoweza kuua kijidudu cha kifua kikuu. Baada ya Vita vya Pili, Uingereza ilikuwa maskini wa dola na ilipata dawa kidogo tu, isiyoweza kuwatosha wagonjwa wote.

Hill, sasa akiwa katika kamati ya Baraza la Utafiti wa Kiganga, aliona kwamba upungufu huo unatoa nafasi ya kujua ukweli. Kwa kuwa dawa haiwatoshi wote, bora ipimwe kwa haki. Nani apewe na nani asipewe iamuliwe na namba za kubahatisha zilizofungwa ndani ya bahasha, ili mganga asiweze kumchagua mgonjwa anayempenda au anayeonekana na nafuu. Matokeo ya jaribio hilo yalichapishwa mwaka wa 1948. Wengi wanalihesabu kuwa mwanzo wa majaribio ya kisasa ya dawa.

Wagonjwa walikuwa 107, vijana wenye kifua kikuu kikali cha mapafu yote mawili. 55 walipewa streptomisini na kupumzika kitandani. 52 walipumzika tu kitandani, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Picha za radio ya kifua zilisomwa na wataalamu wasiojua nani alipewa nini. Baada ya miezi 6, wagonjwa 4 kati ya 55 walikuwa wamekufa, dhidi ya 14 kati ya 52. Dawa ilifanya kazi.

Hata hivyo, jambo moja la siku zile halikubaliki leo: wagonjwa wasiopewa dawa hawakuambiwa kwamba wako katika jaribio. Leo kila mgonjwa lazima aelezwe na akubali mwenyewe, na ana haki ya kujitoa wakati wowote.

Kama hadithi ingeishia kwenye miezi 6, tungesema kifua kikuu kimeshindwa. Lakini wachunguzi hawakufunga daftari. Waliendelea kuwafuatilia wale wale kwa miaka 5. Mwisho wa miaka hiyo, kati ya 55 waliopewa dawa, 32 walikuwa wamekufa. Kati ya 52 wengine, waliokufa walikuwa 35. Tofauti kubwa ya miezi 6 ilikuwa imebaki ndogo sana. Sababu ni kwamba kijidudu kilikuwa kimezoea dawa ikitumiwa peke yake. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba ukichanganya streptomisini na dawa nyingine, usugu huo unapungua. Ndiyo sababu hadi leo mgonjwa wa kifua kikuu hapewi dawa ya aina moja.

Bila kuwafuatilia wagonjwa kwa muda mrefu, hesabu hiyo ya miaka 5 isingejulikana.

Barua kwa waganga 60,000

Tatizo lingine lilikuwa linakua Uingereza. Mwaka wa 1922, watu 612 waliandikwa kufa kwa kansa ya mapafu huko England na Wales. Mwaka wa 1947 walikuwa 9,287. Hakuna aliyejua kwa hakika kwa nini. Wengine walishuku moshi wa magari, wengine lami ya barabara.

Hill alishirikiana na mganga kijana, Richard Doll. Waliwauliza wagonjwa katika hospitali 20 za London, wenye kansa hiyo na wasio nayo, juu ya maisha yao. Mwaka wa 1950 walichapisha jibu: sigara. Wengi hawakukubali. Walisema kwamba mtu aliye tayari mgonjwa anakumbuka vibaya. Kwa hiyo Hill na Doll waliamua kwenda mbele badala ya nyuma: kuwauliza watu wazima leo, kisha kungoja na kuona nani anakufa na kwa ugonjwa gani.

Hapo ndipo hofu ya zamani ya Hill ilirudi. Utamfuatilia nani kwa miaka 20 au 50 bila kumpoteza? Watu wanahama, wanabadilisha majina, wanachoka kujibu. Jibu lake lilikuwa rahisi: wafuatilie waganga. Kila mganga wa Uingereza yuko katika orodha rasmi, maana bila kuandikwa hana ruhusa ya kutibu. Akihama, anwani yake mpya inajulikana. Akifa, ofisi za vizazi na vifo zinaandika kazi yake. Hata asipojibu tena barua, kifo chake hakiwezi kupita bila kuonekana.

Mwishoni mwa Oktoba 1951, barua karibu 60,000 zilitumwa. Maswali yalikuwa machache makusudi, kwa sababu fishi ndefu inatupwa: je, unavuta, uliwahi kuvuta ukaacha, au hujawahi? Majibu yaliyofaa yalizidi 40,000. Kati yao wanaume walikuwa zaidi ya 34,000.

Maana yake, takriban theluthi moja haikujibu. Mwingine angenyamaza juu yao. Hill na Doll walichukua sehemu ya waliojibu na wasiojibu wakaangalia vifo vyao. Wakaona kwamba katika miaka ya kwanza, waliojibu walikuwa wanakufa kidogo kuliko waganga wote kwa jumla. Si ajabu: mtu aliyelala mahututi hajazi fishi juu ya tumbako. Kadiri miaka ilivyopita, tofauti hiyo ilipungua. Kwa hiyo walijua kosa la hesabu yao liko upande gani na lina uzito gani. Na walipolinganisha wavutaji na wasiovuta ndani ya kundi moja la waliojibu, jibu lilibaki lile lile.

Mwaka wa 1954 walitoa matokeo ya kwanza. Tayari waganga 36 wanaume walikuwa wamekufa kwa kansa ya mapafu, na wote 36 walikuwa wavutaji.

Kazi haikuishia hapo. Fishi nyingine zilitumwa mwaka wa 1957, 1966, 1971, 1978, 1991 na 2001. Kila mara waliokuwa hai walijibu kwa zaidi ya asilimia 90. Ni jambo la nadra sana katika utafiti wa muda mrefu namna hiyo. Matokeo ya miaka 50 yalichapishwa mwaka wa 2004: wanaume walioendelea kuvuta sigara walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10 kuliko wasiovuta. Aliyeacha akiwa na miaka 50 aliokoa miaka 6 hivi. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliokoa karibu yote. Maonyo unayoyaona kwenye pakiti za sigara yana mizizi katika barua zile.

Miaka ya mwisho

Hill alipewa heshima ya Sir mwaka wa 1961, mwaka ule ule aliostaafu. Mwaka wa 1965 alitoa hotuba juu ya mambo tisa ya kupima kabla ya kusema kwamba kitu fulani kinaleta ugonjwa fulani. Hotuba hiyo inafundishwa hadi leo katika shule za afya ya jamii. Alifariki tarehe 18 Aprili 1991. Doll aliendelea na kazi ya waganga hadi matokeo ya mwaka wa 2004, naye akafariki mwaka uliofuata.

Daftari letu

Njia ya Hill ilifika hadi kwetu. Kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, wakati wa Ebola, jaribio la PALM lilifanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, likiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe na taasisi ya INRB. Wagonjwa 681 waligawanywa kwa bahati kati ya dawa nne, na kipimo kilikuwa kimoja: nani yuko hai baada ya siku 28. Yote yalifanyika katika eneo la vita, na mnamo Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Hata hivyo jibu lilipatikana: dawa mbili, mAb114 na REGN-EB3, zilipunguza vifo hadi karibu 35 kwa 100, wakati dawa ya kulinganisha ilikuwa na vifo 50 kwa 100.

Lakini mahali swali la Hill linapotugusa kila siku ni kwenye daftari la kifua kikuu la kituo cha afya. Matibabu ya kawaida yanachukua miezi 6. Mgonjwa akikatiza dawa miezi 2 mfululizo au zaidi, anaandikwa kuwa amepotea katika ufuatiliaji. Zamani alipewa jina linalofanana na kumwita mtoro. Mwaka wa 2013 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha neno hilo, maana mara nyingi mgonjwa hakutoroka.

Msomaji wa Kivu au Ituri anazijua sababu. Kijiji kimekimbia risasi usiku. Kijana amekwenda machimboni. Mama hana nauli ya kufika kituoni. Mwingine amejisikia nafuu mwezi wa pili akadhani amepona. Mwingine amefia njiani, na kituo hakina habari. Kila mmoja wao ni mstari mmoja ulio wazi katika daftari, na mstari huo hausemi kama amepona, amekufa, au anaambukiza wengine kambini akiwa na kijidudu kilichokwisha kuzoea dawa.

Ripoti inayosema kwamba karibu wote waliomaliza dawa wamepona haijasema uongo. Imesema tu juu ya waliomaliza. Swali linalofaa kuulizwa, iwe na mwandishi wa habari, na kamati ya afya au na ndugu wa mgonjwa, ni hili: walianza wangapi? Halafu: wale ambao hamkuwaona tena, nani amekwenda kuwatafuta? Kazi hiyo mara nyingi inafanywa kwa miguu na wahamasishaji wa kijiji, bila mshahara, kutoka mlango hadi mlango.

Hill hakuwa na dawa ya kumrudisha mgonjwa aliyepotea. Alichofanya ni kuweka sheria mbili ambazo hazigharimu chochote: usimfute mtu katika hesabu kwa sababu tu hukumwona tena, na usifikiri kwamba aliyeondoka ni sawa na aliyebaki. Anayeshika daftari huko Masisi, Fizi au Mahagi anaweza kuzifuata kuanzia kesho, kwa kalamu ile ile aliyo nayo.